Majibu ya kipimo cha aleji yamemnyima binti yangu chakula miezi mitano, naomba mnaoelewa mnisomee

MamaPendo_Ipagala · Julai 9, saa 2:14 usiku

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Nina binti wa miaka mitatu na miezi minane. Ukurutu ulimwanza akiwa na miezi mitano, kwenye vikunjo vya viwiko na nyuma ya magoti. Usiku anajikuna mpaka asubuhi shuka lina damu. Mwezi wa pili nilichoka, nikampeleka maabara moja binafsi hapa mjini (jina sitaji, sitaki kesi), wakamtoa damu ya kipimo cha aleji. Pesa niliyolipa ilikuwa ya kodi ya nyumba. Baada ya siku kumi nikaitwa kuchukua karatasi. Kijana wa mapokezi akachukua kalamu nyekundu, akazungushia kila kilichotoka chanya, akaniambia "mama, hivi vyote asile". Basi. Hakuna daktari aliyeitia jicho.

Nainakili kama ilivyo:

IgE ya jumla: 1,840
Ute mweupe wa yai: 8.6, daraja la 3
Karanga: 2.1, daraja la 2
Ngano: 0.9, daraja la 2
Mahindi: 0.6, daraja la 1
Soya: 0.5, daraja la 1
Maziwa ya ng'ombe: 0.41, daraja la 1
Kamba wa baharini: 3.9, daraja la 3
Mende: 5.2, daraja la 3
Vumbi la nyumbani: 42, daraja la 4
Samaki na paka: daraja la 0

Nikaondoa kila kitu. Uji wa lishe, chapati, maandazi, maziwa, mchicha wa karanga, mpaka mlenda wa bibi yake. Ugali peke yake ndio sikuweza, Mungu anisamehe. Dodoma hii umlishe mtoto nini bila ugali? Nimeendelea kumpa kimyakimya, hata baba yake hajui kwamba mahindi nayo yamo kwenye karatasi.

Leo kliniki kapimwa kilo 13.1. Mwezi wa pili alikuwa 14.2. Nesi kanigombeza mbele za watu. Na ukurutu haujapungua hata kidogo. Naomba mnaoelewa mniambie nakosea wapi.

Mzee_wa_Kikuyu

Pole sana mwanangu. Mwingereza alikuja hapa Kongwa mwaka 1947 na matrekta yake kulima karanga, kufika 1951 kafunga virago, ardhi imemshinda. Karanga zetu tukabaki nazo, tunaunga mlenda mpaka leo. Sasa mjukuu wa Mgogo anakatazwa karanga na kijana mwenye kalamu nyekundu? Ngoja waje wenye taaluma, mimi niko pembeni nasoma.

Dawa_za_Porini

Aleji inatibika siku saba. Nina unga wa mizizi, nicheki faragha.

Mbishi_wa_Nkuhungu

Wewe jamaa kwenye uzi wa kisukari ulikuwepo, kwenye uzi wa kukosa mume ulikuwepo, na unga ni huohuo. Mpishe mama ajibiwe.

Zamu_ya_Usiku

Mama Pendo, pole. Mimi ni daktari wa watoto. Hiyo karatasi iweke kabatini kwanza, halafu unijibu haya, na ujibu kama mtu anayesimulia, usijibu kama unajaza fomu.

Karanga alianza kula lini, na akila huwa inatokea nini ndani ya saa mbili za mwanzo? Yai je? Ngano na maziwa? Kamba alikula wapi? Kabla ya Dodoma mliishi wapi? Kifua huwa kinalia, au anakohoa usiku?

MamaPendo_Ipagala

Asante daktari.

Karanga zimo kwenye uji wa lishe tangu ana miezi saba. Unga natengeneza mwenyewe: mahindi, ulezi, soya, karanga. Kila asubuhi kikombe kizima, hajawahi hata kupiga chafya. Kashata ndio usiseme. Chapati na maandazi hivyohivyo, maziwa tangu alipotimiza mwaka, kimya.

Yai ndilo lilitutoa jasho. Alikuwa na mwaka na nusu, nikampa nusu ya yai la kuchemsha. Sikuwahi hata kuosha sufuria, namgeukia midomo imevimba, mapele mwili mzima, akatapika mara mbili. Bodaboda hadi kituo cha afya, wakamchoma sindano, akatulia. Tangu siku hiyo yai halijaingia mdomoni. Ila keki za sherehe kala mara nyingi, na hakuna kilichotokea.

Kamba daktari, huyu mtoto hajawahi kumwona kamba! Hata mimi nimewaona Feri pale Dar, mara moja tu.

Tumetoka Ukerewe mwaka jana mwezi wa nane, mume wangu ni mwalimu, kahamishwa kurudi kwao. Kule tulikuwa tunamwogesha maji ya ziwa. Kifua hakijawahi kulia.

Zamu_ya_Usiku

Haya. Sasa itoe karatasi kabatini, maana majibu karibu yote umeshayatoa mwenyewe.

Kipimo hiki kinatafuta kingamwili ya aina moja inayoitwa IgE, iliyotengenezwa na mwili dhidi ya kitu fulani: yai, karanga, na kadhalika. Ikionekana, maana yake mwili umekifahamu kitu hicho. Kukifahamu kitu ni jambo moja, kukikataa ni jingine. Watu wengi wana kingamwili dhidi ya chakula wanachokila kila siku na hawaumwi chochote. Sasa tupite kimoja kimoja.

Yai. Hapa mzio ni wa kweli, na hata bila karatasi ningesema hivyo. Chakula kimoja, dakika chache, mapele, midomo kuvimba, kutapika. Hivyo ndivyo mzio wa IgE unavyojitokeza: haraka, kwa kawaida ndani ya saa mbili. Hiyo 8.6 inakazia tu. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 ambao madaktari wengi hukumbuka namba zake: kwa yai, mtoto mwenye 7 na kuendelea ana uwezekano wa takriban asilimia 95 wa kupata shida akilila, kwa maziwa namba ni 15, kwa karanga 14. Usizigeuze amri ya Musa, maana zilitoka kwa watoto wa kule waliokuwa tayari wanahudhuria kliniki ya mzio, wengi wao wakiwa na ukurutu. Ila zinakuonyesha kwamba 8.6 ya yai na 2.1 ya karanga si ndugu.

Keki anayokula bila shida, aendelee kula. Joto la oveni, tena yai likiwa limechanganyika na unga, linaibadilisha protini yake, na watoto wengi wenye mzio wa yai wanaiweza keki ingawa yai la kuchemsha linawaangusha. Kumnyima keki ni kumrudisha nyuma.

Mahindi. Umemficha mumeo ugali miezi mitano, na bila kujua umefanya kipimo kikubwa kuliko cha maabara. Karatasi inasema chanya, mtoto anakula kila siku, hana shida. Basi hana mzio wa mahindi.

Karanga, soya, ngano, maziwa. Kwa historia uliyonipa, siku ile ya mwezi wa pili mtoto hakuwa na mzio wa hata kimoja kati ya hivyo. Aliondolewa vyakula alivyokuwa anavimudu. Tena siku hizi tunajua kuviondoa kunaweza kuleta kile unachokikimbia. Mwaka 2015 King's College London walitoa utafiti wa watoto wachanga waliokuwa katika hatari kubwa ya mzio: walioanzishiwa karanga mapema na kuendelea nazo, mzio wa karanga ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 80 ukilinganisha na walioepushwa. Uji wako wa miezi saba ulikuwa kinga.

SASA NISIKILIZE VIZURI. Usikimbilie jikoni leo kumkorogea uji wa karanga. Mtoto mwenye ukurutu na kingamwili ya karanga, akikaa miezi bila kuila, mara chache mwili unaweza kusahau kuvumilia, na siku ya kurudi ikawa mbaya. Uwezekano ni mdogo lakini siuchezei nikiwa kwenye simu. Arudishiwe hospitalini, kidogo kidogo, adrenalini (sindano ya kuokoa mtu mzio ukiwa mkali) ikiwa mezani. Nenda hospitali ya rufaa, omba kliniki ya watoto, beba karatasi na kadi ya kliniki, na usimulie kama ulivyotusimulia hapa.

Ukurutu nao utibiwe kama ugonjwa wa ngozi. Mafuta mazito mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, tena kwa wingi, na krimu ya steroidi utakayoandikiwa, siku utakazoelekezwa. Baridi kavu na upepo wa Dodoma wa Juni na Julai unakausha hata ngozi ya mtu mzima. Ukurutu wa mtoto kama huyu ni nadra kuisha kwa kufuta vyakula.

Damu_na_Darubini

Daktari kamaliza upande wa wodi, mimi ni mtu wa maabara, nimalizie upande wa mashine.

Mama, kamba wa baharini kaingia kwenye damu ya mtoto wa Ukerewe kwa sababu ya mende. Usicheke. Kwenye misuli ya kamba kuna protini inayoitwa tropomiosini, na protini karibu sawa na hiyo iko kwa mende na kwa wadudu wa vumbi la nyumbani. Mwili ukitengeneza kingamwili dhidi ya wadudu hao, kingamwili zilezile zikikutana na kamba kwenye kipimo zinamdaka. Mashine haijui kama mtoto alikula kamba au alilala kwenye godoro lenye wadudu. Inahesabu tu kilichonasa.

Na hilo "vumbi la nyumbani" linawachanganya watu sana hapa Dodoma. Kila mwenye chafya anasema ana aleji ya vumbi. Linalopimwa ni wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwenye godoro, mto na mazulia, wanakula mabaki ya ngozi yetu. Wanahitaji unyevunyevu kwenye hewa. Ukerewe katikati ya ziwa wananenepa, Dodoma kavu hii maisha yao ni magumu. Vumbi jekundu la barabara ya Nzuguni ni udongo tu. Linawasha pua na macho bila kingamwili yoyote, na hakuna kipimo cha damu kitakachokuonyesha. Hiyo 42 ya Pendo huenda ni mzigo aliohama nao.

IgE ya jumla 1,840 nayo usiiogope. Ukurutu peke yake unaipandisha, na minyoo pia. Tena mtu mwenye IgE ya jumla kubwa namna hiyo, vipimo vidogovidogo vya 0.4, 0.5, 0.6 vinajitokeza kila kona bila maana. Mstari wa zamani wa kuita chanya ni 0.35, mashine mpya zinasoma mpaka 0.10. Mashine kuona kidogo zaidi hakumfanyi mtoto awe mgonjwa zaidi.

Mmetoka ziwani, mtoto alioga maji ya ziwa: apimwe minyoo na kichocho, choo na mkojo. Kuna watafiti walipima watoto wa shule Ghana wakakuta wengi wana kingamwili ya karanga, na karanga wanakula vizuri tu bila mapele. Walipochimba wakaona kingamwili zile zinashika sukari zilizobandikwa kwenye protini za mimea, na sukari za namna hiyo ziko pia kwenye vimelea vya kichocho. Mwili ulikuwa unapigana na kichocho, karatasi ikaandika karanga. Sisemi ndicho kilichompata Pendo, ila nisingelala bila kumpima.

Mzee_wa_Kikuyu

Mende kaandikwa kamba, kichocho kaandikwa karanga. Huyo karani wa mashine afukuzwe kazi.

Mbishi_wa_Nkuhungu

Mimi nina swali na msinirukie. Kama mtoto anaweza kuwa chanya na haumwi, na daktari anasema yai angelijua hata bila karatasi, hicho kipimo ni cha nini? Si wizi tu? Kwa nini hospitali nazo zinapima?

Zamu_ya_Usiku

Swali zuri, sikurukii.

Wewe ukiwa na homa umeshawahi kuambiwa una taifodi? Nani hapa hajawahi. Unaingia duka la dawa na kichwa kinauma, unatoka na "taifodi na UTI" na mfuko wa vidonge. Kipimo chenyewe ni Widal, kinatafuta kingamwili, na katika nchi ambayo wengi wetu tumeshakutana na wadudu wa jamii hiyo, au tumechanjwa, kingamwili ziko kwenye damu ya watu wazima kibao. Widal ina historia yake ya heshima, tatizo ni kumpima kila anayepita mlangoni bila kumuuliza anaumwa nini. Kipimo cha mzio ni vilevile. Ukipima vitu ishirini bila swali, unapata majibu ishirini ya maswali ambayo hakuna aliyeuliza.

Ukiwa na swali, kinafaa sana. Mama anasema "alikula wali kwa samaki na kachumbari, pale kulikuwa na karanga za kutafuna, akavimba". Hapo napima samaki na karanga, basi, na jibu linanisaidia kuchagua. Kwa Pendo kina kazi nyingine, kufuatilia. Yai ni 8.6 leo. Baada ya mwaka tunapima yai peke yake. Ikishuka 3, ikashuka 1, tunajua wakati wa kumjaribu yai lenyewe hospitalini unakaribia. Watoto wengi wenye mzio wa yai unawaacha wakikua. Kuna pia vipimo vya protini moja moja, kwa mfano ile ya karanga inayoitwa Ara h 2, ambayo inatenganisha vizuri zaidi mtu wa kuogopewa na mtu aliyedakwa na sukari za mimea kama wale wa Ghana.

Na lile la daraja, naona watu wengi wanalikosea. Daraja la 4 halimaanishi atavimba zaidi ya mtu wa daraja la 2. Namba ikiwa kubwa, uwezekano wa kuwa na mzio wa kweli ni mkubwa. Ukali wa siku yenyewe hausomeki pale.

Shangazi_Makole

Mimi nilipimwa vyakula mia mbili, laki tatu na nusu, wakaniambia nisile maharage, nyanya wala vitunguu maisha yangu yote. Walisema ni kipimo cha IgG. Nayo ni hiyohiyo?

Damu_na_Darubini

Hapana shangazi. Hiyo nitaisema kwa ufupi maana inanipandisha presha. IgG ni kingamwili ya aina nyingine, na ikiwa dhidi ya chakula inaonyesha kwamba umekila chakula hicho. Ndiyo, umelipa laki tatu na nusu uambiwe huwa unakula maharage. Jumuiya ya madaktari wa mzio ya Ulaya ilishaandika tangu 2008 kwamba isitumike kutafuta mzio wa chakula, na wa Marekani na Kanada wanasema hivyohivyo. Pika maharage yako, tia nyanya.

Shangazi_Makole

Miaka miwili sijala rosti. Miaka MIWILI.

Kijana_wa_Udom

Naomba kuuliza, mimi natumia setirizini kila siku kwa ajili ya mafua. Nikienda kupima damu niziache?

Damu_na_Darubini

Kwa damu usiache, hazigusi majibu. Ni kile cha kuchoma ngozi mkononi ndicho dawa hizo zinakiua, mpaka uziache karibu wiki, na uache kwa maelekezo ya daktari. Ndiyo maana mtu asiyeweza kuacha dawa, au ngozi imejaa ukurutu mpaka hapana pa kuchoma, tunampima damu.

Mrina_Asali_Manyoni

Wakuu mimi yangu ni kinyume cha mama. Nina mizinga huku Itigi miaka tisa, nimeumwa na nyuki mara zisizo na idadi. Wiki iliyopita nyuki mmoja tu kanichoma shingoni, dakika tano macho yakaingia giza, kifua kimebana, mwili mzima unawasha, nikaanguka chini ya mti. Wenzangu walinibeba kwenye pikipiki. Siku ya nne nikapimwa damu: nyuki 0.21, nikaambiwa hasi, sina aleji, rudi kazini. Nirudi?

Zamu_ya_Usiku

Usirudi. Mimi ni wa watoto, lakini hapa jibu ni lilelile kwa mkubwa na mdogo.

Ulichosimulia ni anafilaksia, yaani mzio mkali wa mwili mzima unaoweza kuua, tena si ya kubahatisha. Siku chache baada ya shambulio kubwa, kingamwili zinaweza kuwa zimetumika na hazionekani vizuri kwenye damu. Rudia baada ya wiki nne hadi sita. Hata ikitoka hasi mara ya pili, anguko lako lina uzito kuliko karatasi, itabidi utafutwe kwa njia nyingine. Mpaka hapo kaa mbali na mizinga, na mwone daktari hospitali ya rufaa kuhusu kuwa na adrenalini karibu na wewe, wewe na wenzako mkajua kuichoma. Ipo pia tiba ya kuuzoesha mwili kwa sumu ya nyuki kidogo kidogo, inafanya kazi vizuri sana, ila ni ya mikono ya wataalamu na inachukua miaka.

Na mdogo wako au mwenzako wa mizingani akipimwa kwa udadisi akatoka chanya huku hajawahi kupata zaidi ya uvimbe pale alipochomwa, msimfukuze kazi. Warina asali wengi wako hivyo.

MamaPendo_Ipagala · Agosti 2, saa 3:40 usiku

MREJESHO.

Wakuu nimerudi. Tulienda hospitali ya rufaa. Daktari aliisoma karatasi nusu dakika, akaikunja, akaanza kuuliza maswali yaleyale ya Zamu ya Usiku, mpaka nikajiuliza kama ndiye. Choo kilikuwa na minyoo, mkojo safi, kapewa dawa. Ameniambia nisitegemee namba za damu zishuke mwezi ujao kwa sababu ya dawa ya minyoo, hazifanyi hivyo.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya karanga. Tuliambiwa asiwe na homa wala mafua, setirizini asipewe siku tano kabla. Tulifika saa moja asubuhi. Nesi akampima kilo, 13.3, akachora hesabu kwenye kipande cha plasta akakibandika kwenye bomba la sindano: 0.13. Nikamuuliza ni nini, akasema ni adrenalini ya huyu mtoto, miligramu 0.01 kwa kila kilo, inaingia kwenye nyama ya paja kwa nje, na anaomba Mungu tuitupe jioni bila kuitumia. Ile plasta niliitazama asubuhi nzima.

Karanga nilizisaga mwenyewe nyumbani kama nilivyoelekezwa, laini kabisa. Mara ya kwanza daktari alichovya ncha ya kijiko tu, akampaka mdomoni. Dakika ishirini tunaangalia midomo, tumbo, kifua. Mara ya pili kama punje ya mchele. Kila dakika ishirini inaongezeka, mpaka mara ya saba ikawa kijiko kizima kwenye uji. Ile ya nne akapata wekundu shavuni, roho yangu ikatoka. Nesi akamfuta, kumbe ni uji. Tukakaa saa mbili nyingine. HAKUNA KITU. Maziwa na chapati wanatupangia wiki ijayo, ila daktari anasema kwa hivyo hana wasiwasi. Ameniambia karanga sasa zisikatike tena, angalau mara mbili tatu kwa wiki.

Yai bado mwiko, tumepewa maelekezo ya maandishi na ya shuleni akianza. Tutapima tena mwakani, yai peke yake.

Ngozi nayo imetulia, sijui niseme ni mafuta au krimu. Tangu nianze kumpaka akitoka tu kwenye beseni, usiku nalala.

Na baba yake kajua habari ya ugali. Kasema alikuwa anajua siku zote, alikuwa anamwongezea matonge nikienda sokoni.

Mzee_wa_Kikuyu

Hahaha! Nyumba nzima mlikuwa watafiti. Mpelekee bibi yake salamu, aunge mlenda.

Mbishi_wa_Nkuhungu

Hongera mama. Ile maabara uliwarudia?

MamaPendo_Ipagala

Nilipita. Kijana wa kalamu nyekundu hayupo, yupo mwingine. Nimemwachia meneja barua, sijajibiwa.

Mrina_Asali_Manyoni · Agosti 25, saa 1:05 usiku

Na mimi nitoe mrejesho wangu. Wiki ya sita nimerudia damu, nyuki 11.4. Daktari wa hapa kanipa rufaa kwenda Dodoma, naenda Jumatatu. Mdogo wangu alitaka naye apime, nimemkataza, hajawahi kuanguka huyo. Mizinga nimemwachia yeye. Asali mimi nauza tu, mwenye kuhitaji lita tano tano anitafute.